Redio, spika na wufa za gari: maswali tunayoulizwa sana Kisumu, Nakuru na magharibi

Maswali haya yametoka kwa wenye magari ya kila siku: mwenye Probox anayebeba maziwa kutoka Njoro, mwalimu wa Kakamega mwenye Vitz, dereva wa teksi pale Kondele. Ruka moja kwa moja hadi swali lako. Ukiwa na nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma lile la waya na fyuzi.

Nimetoa gari Mombasa juzi. Mbona redio inaishia 90 na stesheni zangu ziko juu ya hapo?

Redio hiyo ilitengenezewa Japani. Kule FM ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, na siku hizi imesogezwa hadi 95. Kwetu inaanzia 87.5 hadi 108. Redio yako basi inasikia kipande kidogo cha chini cha masafa yetu, ndiyo maana unapata stesheni mbili tatu halafu mikwaruzo mitupu.

Dawa ya bei nafuu ni kidude kinachoitwa ekspanda, kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kinashusha masafa ya juu, kwa mfano kwa megahezi 20, hivyo stesheni ya 98 utaikuta kwenye 78. Kinafanya kazi, ila namba unayoiona si ya kweli, baadhi ya stesheni hupandana, na mawimbi yaliyokuwa dhaifu huzidi kudhoofika. Anayezunguka mjini tu, kitamtosha. Anayesafiri kila wiki hadi Siaya au Bomet, afadhali pesa hiyo aitie kwenye redio mpya.

Skrini imejaa Kijapani na inaomba kadi. Kuna namba ya kuifungua?

Redio nyingi za Toyota zenye ramani hutegemea kadi ya SD iliyokuja nazo. Kadi ikipotea njiani, au betri ikitolewa, skrini hujifunga. Wapo mafundi wanaotafuta namba ya kuifungua kwa kutumia namba ya utambulisho inayoonekana kwenye skrini yenyewe, na mara nyingi hufaulu. Lakini hata ikifunguka, ramani ni ya Japani, maandishi ni ya Japani na FM ni ileile ya swali la kwanza. Kama mfuko umekaza, ifungue uendelee nayo. Kama unaweza kusubiri mwezi au miwili, usiimalizie pesa.

Ukinunua gari na kadi bado imo, iache hapo hapo, na anayebadilisha betri umwambie mapema.

Nina pesa kidogo. Nianze na nini?

Spika za milango ya mbele. Hili tunalirudia kila siku na bado watu wengi huanza na skrini kubwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana, halafu wufa, ile spika kubwa ya besi, kwa kuwa ndiyo inayosikika hadi nje. Spika za kiwandani, zenye karatasi nyepesi na sumaku ndogo, zinabaki palepale. Mwenye gari anaongeza sauti, zinakoroma, anaambiwa anunue amplifaya. Amplifaya inayaongezea nguvu mapungufu ya spika zilezile, na baada ya miezi michache zinapasuka.

Tuseme una shilingi 30,000 za kila kitu pamoja na ufundi. Mimi ningeweka karibu nusu kwenye spika za mbele na kazi ya milango, halafu redio ya kawaida yenye Bluetooth na USB. Spika za nyuma ningeziacha kama zilivyo, maana dereva na aliyekaa pembeni yake husikiliza mbele. Kama redio uliyo nayo inashika stesheni na inacheza simu yako vizuri, usiiguse kabisa.

Jambo moja la kuangalia unapochagua redio: nyuma yake iwe na matundu ya RCA, yale ya waya za kupeleka sauti kwenye amplifaya, angalau jozi moja, bora mbili au tatu. Siku utakapotaka amplifaya, ndiyo mlango wake. Redio isiyo na matundu hayo inaweza kukulazimu kununua kifaa kingine au redio nyingine.

Boksi limeandikwa wati 1,200. Ni kweli?

Karibu kila mara, hapana. Tafuta herufi RMS. Wati za RMS ni zile ambazo kifaa kinaweza kutoa au kubeba mfululizo. Zile namba kubwa za mbele ya boksi ni za kupamba.

Unaweza kupiga hesabu mwenyewe hapo dukani. Redio imeandikwa 4 x 50. Injini ikiwa inazunguka, gari lina takriban volti 14.4, na spika ya kawaida ina ohmu 4, yaani kiasi inavyouzuia umeme. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa 8 (ohmu 4 mara mbili), unapata kama wati 26. Huo ndio mwisho wa muziki safi ambao redio ya kawaida ingeweza kuipa kila spika hata kama hakuna kinachopotea njiani. Kinachofika kwa kweli ni kati ya 15 na 22.

Kwa amplifaya, chungulia fyuzi yake. Ikiwa ni moja ya ampia 30, zidisha 30 kwa 13.8: zinaingia wati 414 na si zaidi. Amplifaya za daraja AB hugeuza karibu nusu kuwa sauti, iliyobaki inakuwa joto. Zile za daraja D hufikisha kama asilimia 80. Kwa hiyo amplifaya yenye fyuzi hiyo, iwe imeandikwa 2,000 au 3,000, haiwezi kukupa mfululizo zaidi ya wati 200 hadi 330. Ukiona boksi limeandikwa CTA-2006, au CEA-2006 ambalo ni jina lake la zamani, namba zake zina maana: zimepimwa kwa volti 14.4, ohmu 4, na mkwaruzo usiozidi asilimia 1.

Na hata wati za kweli si mambo yote. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio linaisikia kwa kadiri tu. Ili sauti ionekane kuwa kubwa maradufu unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana namba ya wepesi wa spika, ile inayoandikwa kwa desibeli, ina thamani kuliko wati. Spika ya 92 ukiilinganisha na ya 86 ni kama umezidisha amplifaya yako mara nne bila kununua kitu.

Redio ya Android au ya chapa ya zamani kama Pioneer, Kenwood au Sony?

Kwa ramani, kamera ya nyuma na skrini kubwa, Android inakupa mengi kwa pesa hiyo. Kwa usafi wa sauti, ushikaji wa FM na miaka ya kudumu, redio yenye jina, iliyo halali, huishinda ile ya Android ya bei ya chini. Ukiamua Android, kwepa zenye RAM ya gigabaiti 1: huchelewa kuwaka na hukwama ukifungua ramani na muziki pamoja. Usitosheke na kinachoandikwa kwenye mipangilio, kwa sababu toleo la Android na ukubwa wa RAM huweza kuandikwa uongo humo humo. Fungua programu tatu kwa wakati mmoja mbele ya muuzaji, uone itakavyofanya.

Redio mpya imeacha nafasi pembeni kwenye dashibodi. Fundi amekosea?

Hapana. Tundu la Toyota lina upana wa milimita 200 na redio za kawaida zina 178. Kuna fremu ya plastiki ya kuziba pengo hilo, au ununue redio iliyotengenezewa Toyota kabisa. Usikubali ibanwe kwa vipande vya katoni.

Spika za twita katikati, au zile ambazo twita inakaa peke yake?

Inategemea unasikiliza nini na umeketi wapi. Twita ni spika ndogo ya sauti nyembamba. Spika ya mlangoni iko chini karibu na miguu. Twita ikiwa katikati yake, sauti nyembamba zinaishia kwenye magoti. Twita ikikaa peke yake pale juu karibu na kioo cha pembeni, mwimbaji anapanda hadi kwenye dashibodi, mbele ya uso wako. Tofauti hiyo ni kubwa na sijaona mteja aliyetaka kurudi nyuma. Ila kazi yake ni ndefu na waya ni nyingi zaidi.

Fikiria muziki wako pia. Benga, pamoja na gitaa lake la mbele linalokimbia juu juu, linataka twita safi isiyochoma masikio. Rumba vilevile: magitaa yakichanganyika na kuwa kelele moja, umepoteza utamu wote. Uzi mzito zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne hushuka hadi hezi 41, na spika ya inchi 6.5 iliyo mlangoni huanza kuchoka ikifika kwenye 80 au 60. Kwa benga na rumba za zamani, jozi nzuri ya mbele kwenye mlango uliozibwa vizuri itakuridhisha sana. Ngoma za ohangla na muziki wa vijana wa mjini ndio utakaokutuma kwenye wufa.

Njoo dukani na nyimbo zako mwenyewe, zile unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji. Na ziwe faili nzuri. Wimbo uliobanwa hadi kilobiti 64 na kupitishwa simu hadi simu hautasafishwa na spika yoyote, hata ya bei gani.

Nimebadilisha spika lakini mlango unatetemeka na besi haipo. Nimeuziwa bandia?

Kabla ya kumlaumu muuzaji, angalia mambo mawili.

La kwanza ni mwelekeo wa waya. Spika moja ikifungwa chanya kwa hasi na nyingine sawasawa, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, na besi inajifuta yenyewe. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya za spika kwa sekunde moja: ukiweka chanya kwa chanya, karatasi lazima isogee nje. Fanya hivyo kwa kila spika. Ni kazi ya dakika tano na mara nyingi ndiyo dawa nzima.

La pili ni mlango wenyewe. Ile spika inahitaji boksi, na boksi lake ni mlango. Bati la ndani lina matundu makubwa, hivyo hewa ya nyuma ya spika inazunguka na kuua hewa ya mbele. Matundu yazibwe, bati la nje libandikwe karatasi nzito za butili, aina ya mpira, zenye unene wa milimita 2 hivi, na spika ikae juu ya pete imara. Wapo wanaotumia lami ya kuziba mapaa kwa kuwa ni rahisi. Gari likiegeshwa kwenye jua la Kisumu mchana kutwa, lami hiyo hulainika, hunuka na kuteremka. Usikubali.

Pete za MDF, yaani mbao za unga uliobanwa, ni nzuri lakini zikilowa huvimba. Mvua za Machi hadi Mei huingiza maji ndani ya kila mlango, na ndivyo milango ilivyoundwa. Yanashuka yanatokea chini. Kwa hiyo MDF ipakwe vanishi pande zote, au itumike pete ya plastiki. Ile karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya paneli irudishwe mahali pake, maana kazi yake ni kuzuia maji yasikufikie wewe na waya.

Je, ni lazima niwe na amplifaya?

Kama unasikiliza kwa sauti ya wastani na spika zako ni nyepesi kusukumwa, hapana. Ukitaka sauti kubwa iliyo safi barabarani, ambako matairi na upepo vinameza nusu ya muziki, ndiyo. Amplifaya ndogo ya mikondo 4, wati 50 za kweli kwa kila spika, inatosha magari mengi ya familia.

Wufa ya inchi 10 au 12? Boksi lililofungwa au lenye tundu?

Boksi lililofungwa lina besi fupi, iliyonyooka, inayofuata gitaa noti kwa noti. Lenye tundu linatoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile, lakini ni lazima lipimwe kulingana na wufa yenyewe. Boksi la tundu lililokatwa kwa kukisia huvuma noti moja tu na kuzifunika nyingine zote. Karatasi ya maelezo ya wufa huonyesha ujazo wa boksi kwa lita. Mpe seremala karatasi hiyo. MDF au plaiwudi ya milimita 18, gundi kila kona, skurubu, pasiwe na pengo hata la sindano.

Kwa Demio, Vitz na Note, inchi 10 katika boksi lililofungwa inatosha sana, na buti bado inabaki na nafasi ya gunia la viazi. Wanaobeba watoto na mizigo kila siku tunawaelekeza kwenye wufa bapa za chini ya kiti, zenye amplifaya ndani yake. Hazitatikisa vioo, ila zinajaza ule utupu wa chini. Kama njia zako ni za vumbi, ipanguse vumbi mara kwa mara.

Ohmu ni nini, na kwa nini amplifaya yangu inajizima?

Ohmu ni kiasi ambacho spika inauzuia umeme. Namba ikipungua, amplifaya inafanya kazi kubwa zaidi. Spika mbili za ohmu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa ohmu 2. Zikifungwa kwa kufuatana zinakuwa 8. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni ohmu 2 ukiipa 1, itapata joto na kujizima, na ukiendelea itaungua. Wufa zenye koili mbili ndizo zinazowakosesha wengi: koili mbili za ohmu 2 zinaweza kuwa 1 au 4 kutegemea ulivyounganisha. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua.

Waya gani, na fyuzi iwekwe wapi?

Hapa ndipo tunaomba usisikilize haraka wala bei.

Waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda buti hupita kwenye tundu la bati, chini ya zulia, pembeni ya viti. Siku bati litakapokata ngozi ya waya huo, au gari likigongwa mbele, umeme wote wa betri unakimbilia kwenye bodi ya gari bila kitu cha kuuzuia. Waya unakuwa mwekundu kwa sekunde chache, na zulia linashika moto ukiwa bado unatafuta kufungua mkanda. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya haisaidii chochote hapo, kwa sababu iko upande wa pili wa hatari. Fyuzi inayookoa gari ni ile iliyo karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye chanya. Fundi akikuambia leo fyuzi hana, ataiweka kesho, waya huo usiunganishwe kwenye betri hadi kesho.

Unene: kwa mfumo usiozidi ampia 40 au 50, geji 8 ya shaba inatosha, ukikaribia 100, weka geji 4. Namba ndogo ndiyo waya mnene. Sokoni kumejaa waya za alumini zilizopakwa shaba, nazo hubeba umeme kidogo kuliko shaba tupu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na hiyo ni nzuri. Kama huna ila alumini, panda saizi moja.

Mahali waya unapopita kwenye bati, weka mpira wa kuukinga. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, uwe mfupi, unene uleule, ufungwe kwenye bati lililokwaruzwa rangi hadi liwake. Usifungwe kwenye bolti ya mkanda wa usalama. Na anayetoboa buti ili kufunga skurubu aangalie kwanza chini ya gari, maana tangi la mafuta liko karibu.

Taa zinafifia kila besi inapopiga. Ninunue kapasita?

Hapana, sio kwanza. Kapasita ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 12, inatoa kama jouli 32. Amplifaya inayovuta wati 500 huzimaliza kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde. Haizalishi umeme, inakopesha kidogo na kudai mara moja.

Anza na vichwa vya betri: visafishwe, vikazwe. Kisha ongeza unene wa waya tatu: altaneta (mashine ya injini inayozalisha umeme) hadi betri, betri hadi bodi, injini hadi bodi. Pima volti. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6, na injini ikizunguka unataka 13.8 hadi 14.4, ingawa kwenye magari mapya kompyuta hupandisha na kushusha namba hiyo kwa makusudi. Altaneta ya gari dogo hutoa ampia 70 hadi 100, na hizo zinagawanywa na taa, feni, AC na injini yenyewe. Kama bado unapungukiwa baada ya hayo yote, punguza mfumo au ongeza altaneta.

Tangu redio ifungwe, betri inalala kila siku ya tatu.

Redio ina waya mbili za umeme. Wa njano hupata umeme saa zote ili kutunza saa na stesheni. Mwekundu hupata ufunguo ukigeuzwa tu. Fundi mwenye haraka huunganisha zote mbili kwenye umeme wa saa zote, na redio hailali kamwe. Ikivuta nusu ampia tu, kwa siku ni ampia-saa 12, na betri ya 45 haifiki siku ya nne. Waya mbili zikibadilishana, utaona kinyume chake: redio inasahau stesheni kila ukizima gari.

Rangi za waya za Toyota si hizo. Kwake umeme wa saa zote ni buluu na njano, wa ufunguo ni kijivu, athi ni kahawia. Kijivu kwenye redio mpya ni cha spika ya mbele kulia, kwa hiyo anayeunganisha rangi kwa rangi anaweza kuunguza redio siku ya kwanza. Omba kiunganishi cha kuchomeka, waya za gari zisikatwe.

Kuna mluzi unaopanda injini ikipandishwa.

Ni sauti ya altaneta inayoingia kwenye waya za RCA. Pitisha RCA upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine, kisha ukague athi ya amplifaya. Ukisikia mluzi wakati wa kuchaji simu tu, chaja ndiyo yenye kasoro.

Vile vidude vidogo vya kuzungusha vya amplifaya nivizungushe hadi wapi?

Kile cha gaini si cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya. Zima madoido yote ya redio, ipandishe hadi robo tatu, halafu ongeza gaini polepole hadi usikie mkwaruzo, urudi nyuma kidogo. Basi, uache. Kikizungushwa hadi mwisho, mawimbi hukatwa vichwa na koili ya spika huungua hata kama wati zake ni kubwa. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, zima papo hapo.

Spika za milangoni zikatwe chini ya hezi 80, na wufa ikatwe juu ya 80. Hapo kila moja inabaki na kazi yake.

Gari langu ni la haibridi. Naweza kuweka amplifaya?

Unaweza, kwa kiasi. Betri ya volti 12 ya magari haya ni ndogo, na huchajiwa na kifaa cha kushusha umeme wa betri kubwa. Altaneta ya kawaida hakuna. Wufa ya chini ya kiti ni sawa, mfumo wa wati 1,000 si sawa. Waya za rangi ya chungwa zina umeme unaoua. Anayefanya kazi kwenye gari hilo azijue na asizikaribie.

Nikitoka Nakuru kwenda Kisumu stesheni hukatika. Redio ni mbovu?

Mawimbi ya FM husafiri kama mtu anavyoona: mlima ukikaa kati, basi. Ukipita Mau Summit, ukishuka Londiani na Kericho hadi Ahero, unatoka kwenye mnara mmoja na kuingia wa mwingine, na stesheni ileile huwa na namba nyingine. Hifadhi namba za Nakuru, za Kericho na za Kisumu kwenye vitufe tofauti.

Lakini kama hata mjini inakwaruza, muulize fundi kuhusu waya wa buluu. Magari mengi ya Japani yana antena kwenye kioo, na antena hiyo ina kikuzaji kidogo kinachohitaji umeme. Redio mpya ikifungwa bila waya huo, kikuzaji kinalala. Ni kosa tunalolikuta mara nyingi sana.

Sauti kubwa kiasi gani ni salama? Na sheria?

Shirika la NIOSH la Marekani, la usalama na afya kazini, linaweka mwisho wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza 3, muda unakatika nusu: 88 saa 4, 94 saa moja, 100 dakika 15. Wufa mbili ndani ya gari lililofungwa vioo hupita 100 bila shida. Dereva wa matatu anayekaa humo kuanzia alfajiri hadi usiku anapoteza masikio yake, na yakishapotea hayarudi. Tunasema hivi tukiwa watu tunaofunga vyombo hivyo: mtengenezee dereva sehemu yake, spika za abiria zimwelekee abiria, na asikie king'ora cha ambulensi kikija.

Kwa sheria, kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahusu pia sauti inayotoka kwenye gari. Karibu na hospitali, shule na nyumba za watu usiku, teremsha.

Nitajuaje bandia, au spika ya mitumba iliyokufa?

Kwa mpya: maandishi ya boksi yasiyo na makosa, namba ya utambulisho inayolingana na iliyo kwenye kifaa, risiti na waranti. Majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi. Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia iliundwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na malalamiko hupelekwa huko.

Kwa mitumba: bonyeza karatasi taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ikikwaruza ndani, koili imepinda. Kisha pima kwa mita. Spika nzima ya ohmu 4 huonyesha kati ya 3 na 4. Ikikaa kimya, imekatika. Spika za Japani zilizotunzwa hushinda mpya nyingi za bei ya chini, kwa hiyo usizidharau.

Ninapochukua gari, nikague nini?

Kila taa, honi, vioo vya umeme na swichi za usukani, mbele ya fundi. Fungua boneti uone fyuzi kwa macho yako. Muulize waya umepita wapi na apige picha kabla hajarudisha zulia. Cheza muziki dakika ishirini, kisha gusa amplifaya: vuguvugu ni sawa, joto la kukufanya uondoe mkono si sawa. Vipande vya waya na skurubu zilizobaki mezani umwulize zilitoka wapi. Rudi baada ya wiki mbili nati za betri na athi zikazwe tena, hasa kama barabara yako ni ya mawe.

Redio ikiibwa, bima italipa?

Bima kubwa, ile inayolipa hasara ya gari lako mwenyewe, mara nyingi huweka kikomo cha pesa kwa redio na vyombo vya muziki. Soma mkataba wako, peleka risiti za vifaa vipya kwa wakala, na uombe viandikwe kwa maandishi kabla ya kitu kutokea. Redio yenye uso unaochomoka, ondoka nao ukiegesha.